Wikendi ya wastaafu wawili Moshi: namna ya kuipanga ukitokea Arusha

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Mimi na mume wangu tumeipita barabara hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila mara tulikuwa tunakwenda msibani, harusini, kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu au kumwona mgonjwa hospitali ya KCMC. Tunafika, tunakaa chini ya turubai, tunakula, tunatoa rambirambi au zawadi, tunageuza kabla giza halijaingia. Nilipostaafu ualimu, mwaka mmoja baada ya mwenzangu kustaafu ukaguzi wa vyama vya ushirika, tuligundua kwamba hatujawahi kulala Moshi usiku hata mmoja kwa kupenda tu.

Tangu hapo tumekwenda mara tano. Mara ya kwanza tuliharibu mengi. Tuliyojifunza nayaandika hapa kwa wastaafu wenzangu wa Arusha ambao pensheni yao ni ya kawaida, magoti yao si yale ya zamani, na wangependa kukaa siku mbili wao wawili bila kutumwa na mtu.

Hatua ya 1: Kubalianeni kwamba safari ni yenu

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na mkiikosea, hizo nyingine hazitawasaidia.

Ukimpigia simu shemeji mmoja wa Kibosho kumwambia mnakuja, hadi Ijumaa jioni habari itakuwa imefika Uru na Old Moshi. Mbuzi atachinjwa, nawe huwezi kumkataa mbuzi wa watu. Jumamosi mtapelekwa kuona kaburi la mzee, mtaonyeshwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, wenye mgogoro, mume wako ataombwa atoe neno kwa sababu ndiye aliyesoma, na wewe utakuwa jikoni unamenya ndizi na wifi zako. Mambo hayo ni mema na yana siku zake. Lakini mkirudi Arusha Jumapili mtakuwa mmechoka kuliko mlivyoondoka, na ninyi wawili hamjazungumza hata nusu saa.

Kwa hiyo mwambieni mtu mmoja tu. Sisi humwambia binti yetu wa pili, ambaye si mwepesi wa kusambaza habari: tunalala wapi, namba ya simu ya mapokezi, tunarudi lini. Hilo ni la usalama, msiliache. Kama mnalea wajukuu, tafuteni wa kukaa nao wiki mbili kabla, na mfikirie pia kuku na ng'ombe. Mkikutana na ndugu mjini Moshi, msimkwepe. Msalimieni kwa furaha na mseme ukweli: tumekuja kupumzika wawili, kwenu tutakuja mwezi ujao. Kisha mwezi ujao muende kweli.

Hatua ya 2: Chagueni siku na mwezi

Mstaafu halazimiki kusubiri Jumamosi. Sisi huondoka Ijumaa saa nne asubuhi, wafanyakazi na wanafunzi wakiwa wameshafika waendako, na tunarudi Jumapili mchana kabla ya msongamano wa jioni. Wenye kupenda utulivu zaidi waende Jumatatu hadi Jumatano. Siku hizo vyumba vipo na bei huzungumzika.

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba hadi Mwaka Mpya, msijaribu. Wachaga wa nchi nzima wanarudi kwao, magari yanajaa na barabara inaelemewa. Mwisho wa Februari kuna Kilimanjaro Marathon, nayo hujaza nyumba za wageni hadi vitongojini. Machi hadi Mei ni masika, na mlima unaweza kujificha siku nyingi mfululizo. Januari na mwanzo wa Februari anga huwa wazi lakini joto la Moshi mnalihisi. Juni hadi Agosti hewa ni nzuri sana kwa watu wa umri wetu, ingawa mawingu ya asubuhi hukaa zaidi. Mimi hupenda Septemba.

Watu wa Arusha husahau jambo moja: Moshi iko chini kuliko kwetu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Moshi hauzidi mita 900 na ushee. Sweta zito lako la baridi ya Arusha litakaa kwenye begi siku mbili zote. Beba nguo nyepesi za pamba, na kanga au shuka la alfajiri.

Hatua ya 3: Tengeni fedha kabla ya kutoka

Sisi hutumia bahasha nne: nauli, chumba, chakula na matembezi, dharura. Ya dharura haifunguliwi kwa ajili ya vitenge. Fedha nyingine ikae kwenye simu, kidogo kwa kila mmoja, ili simu moja ikizima au ikiibwa msikwame. Kitambulisho cha taifa na kadi ya bima ya afya kila mtu abebe yake.

Hatua ya 4: Tafuteni chumba kwa maswali

Mara ya kwanza tulichagua nyumba ya wageni kwa picha. Picha zilikuwa nzuri. Tulipofika, chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na chini yake kulikuwa na baa ambayo Ijumaa usiku ilipiga muziki hadi saa tisa. Mume wangu ana goti la kulia linalovimba. Alipanda ngazi zile mara nne siku ya kwanza, na Jumamosi nzima akashinda ameinua mguu juu ya mto. Tulikuwa tumelipa siku mbili na fedha hairudi.

Tangu siku hiyo napiga simu mwenyewe na kuuliza haya. Chumba kipo chini? Choo ni cha kukaa? Bafuni kuna kizingiti cha kuruka, na sakafu yake inateleza? Maji ya moto yanatoka asubuhi pia au jioni tu? Kuna feni na chandarua kisichotoboka? Baa au ukumbi wa sherehe uko umbali gani? Chai ya asubuhi imo kwenye bei, na inaanza saa ngapi? Mwisho nauliza: mlima unaonekana kutoka hapo, nikiwa nimekaa nje kwenye kiti? Mtu wa mapokezi akijibu kwa subira maswali yote manane, hapo ndipo tunapolala. Akikuharakisha kwenye simu, atakuharakisha na ana kwa ana.

Eneo ninalowashauri ni Shanty Town. Jina lake lisiwatishe. Ni mtaa mtulivu wenye miti mikubwa na barabara za kutembea polepole jioni. Huko kuna pia Uhuru, hosteli ya Walutheri, yenye bustani pana na utulivu. Hosteli za makanisa kwa ujumla zinawafaa wazee: ni safi, hazina ulevi, na watu wake hawashangai mtu akiomba maji ya moto ya kuweka kwenye chupa.

Mkifika mtaletewa daftari la wageni lenye safu zake: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Safari ile ya kwanza mume wangu alishika kalamu muda mrefu kwenye safu ya kazi. Miaka yote alikuwa akiandika "mkaguzi". Akaandika "mstaafu", herufi zimenyooka vizuri kama za kwenye ripoti zake, akanisogezea daftari. Nami nikaandika hivyo hivyo chini yake.

Hatua ya 5: Dawa kwanza, nguo baadaye

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Zikiwa kwenye begi lililowekwa buti au juu ya gari, siku begi litakapopotea zimepotea nazo. Bebeni za siku mbili zaidi ya safari yenu, zikiwa kwenye pakiti zake zenye majina, ili mkimwona daktari ajue mnatumia nini. Hospitali ya rufaa ya KCMC na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi zote ziko Moshi, na dereva yeyote wa bajaji anazijua.

Kuna jambo ambalo wazee huona aibu kulisema. Baadhi ya dawa za presha hukojoza, na Kosta ya Arusha kwenda Moshi haisimami kwa ajili ya choo. Kabla ya safari mwulize daktari wako kama siku hiyo unaweza kuimeza baada ya kufika. Msiamue wenyewe kuiruka, na msiache kunywa maji kwa kuogopa njia. Mwenye sukari abebe kitu cha kula mkobani, ndizi mbivu mbili au mkate, kwa sababu saa moja na nusu ya safari inaweza kuwa saa mbili na nusu gari likikawia kujaa.

Mengine ni mepesi: viatu vyenye soli isiyoteleza, kofia, miwani ya kusomea, tochi ndogo ya usiku kwa sababu swichi ya chumba kigeni huwa haipo mkono ulipozoea, na mkongojo kama upo.

Hatua ya 6: Njiani

Pandeni stendi, msisubiri barabarani Tengeru au Usa River, maana huko mtapata nafasi ya kusimama. Chagueni gari ambalo bado halijajaa ili mchague kiti. Kwenda Moshi kaeni upande wa kushoto, kati ya mlango na katikati ya gari. Kiti cha nyuma kabisa kinarusha, na mgongo wa mtu wa miaka sitini na kitu hausahau matuta. Upande wa kushoto ndio wenye mlima. Mkishapita Maji ya Chai, Kikatiti na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, nchi inafunguka, na kama mawingu yameruhusu mtamwona Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, amekaa juu ya tambarare kabla hamjafika Bomang'ombe. Kama hayajaruhusu, msihuzunike, mlima ni wa kesho alfajiri.

Dereva akikimbia, semeni. Mume wangu husema kwa sauti ya kawaida tu, "Kijana wangu, sisi hatuna haraka," na abiria wengine humuunga mkono. Wenye gari binafsi waendeshe mchana, wafuate vibao vya 50 ambavyo ni vingi kila penye makazi, na wasimame Bomang'ombe kwenye kituo cha mafuta wanyooshe miguu. Baada ya hapo kuna mteremko wa daraja la Kikafu, usio wa kupitia na usingizi.

Hatua ya 7: Ijumaa mchana, msifanye kitu

Fikeni, ogeni, laleni saa moja. Ikifika saa kumi tembeeni hadi mnara wa saa katikati ya mji, taratibu. Moshi imejengewa sifa ya usafi na bado inailinda, kwa hiyo ganda la chungwa lirudi mkobani hadi mwone pipa. Jioni kuleni chakula laini mapema. Ukipata mtori wa kweli, wa ndizi mshare zilizochemshwa na nyama hadi zikapondeka, agizeni bakuli mbili na msiongeze kitu. Ni chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua, hakisumbui tumbo, nacho kinaleta usingizi. Nyama choma ni ya Jumamosi mchana.

Hatua ya 8: Jumamosi

Amkeni saa kumi na moja na nusu. Najua mmestaafu, lakini amkeni. Wekeni viti viwili nje vikitazama kaskazini, kila mtu na shuka lake, na chai kwenye chupa. Mwanzoni mtaona giza tu lenye umbo. Kisha upande wa kulia kilele cha pili, Mawenzi, kinajichora, chenye meno meno, cheusi. Kibo iko kushoto, pana na laini, na barafu yake ndiyo inayopata mwanga kwanza: rangi ya ndani ya pera lililoiva, halafu ya siagi, halafu nyeupe kabisa. Yote hayo yanaisha ndani ya dakika kama ishirini. Mara nyingi kufika saa tatu mawingu yameshajifunga kiunoni, na anayeamka saa hiyo ataambiwa tu kwamba mlima upo. Ni mita 5,895 za nchi yetu. Mume wangu, Baba Upendo, alikuwa mtoto mwenge wa uhuru ulipopandishwa pale juu Desemba 1961, na asubuhi ile ya kwanza alinisimulia namna baba yake alivyomwelekeza kidole kule juu. Miaka thelathini na saba ya ndoa, sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo.

Baada ya chai, nendeni mkanywe kahawa mjini. Moshi ni mji uliojengwa na kahawa. Wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu chao cha ushirika, KNCU, miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya kwanza katika Afrika nzima. Mkahawa wa Union ni wa ushirika huo, na kahawa yake inatoka kwenye vihamba vya mlima huo huo mlioutazama. Wengi wetu tumelima kahawa au tumesomeshwa kwa kahawa, tukakua tukinywa chai ya rangi. Agizeni vikombe viwili, mkae saa nzima. Mwenye presha anywe kimoja, kidogo.

Kisha mtembelee sehemu moja iliyo ya mmoja wenu. Kwetu ni Chuo cha Ushirika, ambacho sasa ni chuo kikuu. Mlinzi alitoka akamwamkia, "Shikamoo mzee," mume wangu akavua kofia akamwambia amesoma pale ujana wake, anaomba kuchungulia tu. Alinionyesha kwa mbali dirisha la bweni na mahali walipokuwa wakianika mashati. Kwako inaweza kuwa shule, kanisa mlilofungia ndoa, au stesheni ya reli iliyomleta baba yako kutoka Tanga. Iwekeni kwenye ratiba kama mnavyoweka kliniki.

Mchana, chagueni safari moja tu ya nje ya mji. Sisi mara ya kwanza tulipanga Marangu asubuhi na Chemka jioni, na hata goti lisingevimba tusingefika.

Msitu wa Rau ndio ninaouweka mbele. Uko karibu na mji, njia zake ni tambarare, kivuli ni kizito, kuna mivule mikubwa ajabu na mbega juu ya miti, na pembeni mashamba ya mpunga. Mnatembea mnavyoweza, mkichoka mnageuka. Mchukue mwongozaji wa pale na mjipake dawa ya mbu.

Chemchemi ya Chemka unaiendea kwa kukatia Bomang'ombe. Maji yake ni ya bluu na angavu hadi chini, chini ya mikuyu. Si ya moto kama watu wanavyodhani, ni ya uvuguvugu, na kwa viungo vinavyouma ni faraja. Lakini Jumamosi mchana hujaa vijana na muziki, na mizizi ya kushukia majini inateleza. Ingieni kupitia ngazi, mmoja baada ya mwingine, mkiwa mmeshikana mikono. Bora zaidi muipitie siku ya kurudi nyumbani, mapema asubuhi.

Marangu, kama kilomita 40 kupitia Himo, ni kwa anayetaka hewa baridi na migomba. Maporomoko ya Kinukamori hayako mbali na barabara, na kutazama kutoka juu kunatosha. Old Moshi ni kwa wapenda historia. Ndiko Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, alikonyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900. Materuni inasifiwa sana na ni kweli inapendeza, ila njia yake ni mwinuko na mteremko wa kuteleza. Kama goti linalia, waachieni wajukuu.

Kwa safari yoyote kati ya hizo, kodini gari dogo la nusu siku kupitia mapokezi. Kubalianeni bei kabla ya kupanda, pamoja na muda wa kusubiri, na lipeni mkirudi. Ni ghali kuliko daladala mbili na bodaboda moja, lakini bodaboda si ya mifupa yetu.

Hatua ya 9: Jumapili na kurudi

Ibada ya kwanza, ya asubuhi mapema, ndiyo inayofaa. Ya pili ni ndefu, itakula muda wa safari. Waislamu watakuwa wameshapata swala ya Ijumaa hapo hapo mjini ikiwa mmewahi kufika. Kisha soko. Vitu vidogo kwanza, kahawa ya kusaga na viungo. Parachichi na ndizi nunueni mwisho, karibu na stendi, na mlipe kijana abebe. Mkungu mmoja unatosha. Mgongo alioutunza mtu siku mbili usiharibiwe na mkungu wa pili.

Mwe kwenye gari saa nane mchana, safari hii upande wa kulia.

Jioni hiyo hiyo mkifika nyumbani, kabla ya kusimulia lolote kwa watoto, chukueni daftari muandike mkiwa bado mnakumbuka: namba ya dereva aliyewafaa, bei mliyokubaliana, aliyepika mtori vizuri, chumba gani. Kwenye daftari letu, ukurasa wa safari ya tatu, mume wangu ameandika: "Chumba namba 4, chini. Mto mgumu, uombwe mwingine. Dirisha linatazama mlima. Mama Upendo amelala hadi saa moja."